Siri Iliyosimuliwa Jukwaani

Kila siku baada ya masomo, Kasuku hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipita kwanza kwenye kituo cha wasichana, ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi. Ngazi zilinuka rangi mbichi, hata wasichana wakawa wanataniana kwamba kila anayepanda hufika juu akiwa amepakwa upya. Huko juu kulikuwa na chumba kimoja kikubwa chenye meza ndefu, kompyuta chache kuukuu, birika la umeme lisilopoa na ofisi ndogo pembeni. Kasuku alifuta ubao, akapanga viti, kisha akaketi kufanya kazi zake za shule.

Jina hilo la Kasuku alipewa na wenzake pale kituoni. Yeye na mama yake walikuwa wamehamia nchi hiyo, na mtoto aliishika lugha ya wenyeji upesi kuliko mtu yeyote aliyemjua. Mama aliachwa nyuma katika lugha hiyo. Basi popote walipokwenda, iwe kwa mwenye nyumba, sokoni au hospitali, Kasuku alisimama katikati, akichukua maneno ya huyu na kumpa yule.

Kituo kiliongozwa na wanawake wawili. Mwanzilishi waliyemwita Dada Mkubwa aliletwa nchi hiyo akiwa mtoto mdogo, wazazi wake wakiwa wahamiaji vilevile. Aliwafundisha wasichana kutaja majina yao bila kuinamisha macho. Msichana akikataliwa shuleni kwa sababu ya mahali alikotoka, Dada Mkubwa alikwenda kuketi ofisini kwa mwalimu mkuu na hakuondoka mpaka mtoto apewe dawati. Kasuku alimpenda mno. Kiongozi wa pili aliitwa Mwalimu. Huyu alikuwa na maneno machache, na kila jioni aliwafundisha akina mama lugha ya wenyeji. Mama yake Kasuku alikuwa mmoja wa wanafunzi wake, ingawa mara nyingi alisinzia, maana alishinda amesimama katika chumba cha pasi cha hoteli, akinyoosha mashuka kwenye joto.

Siku moja mama alishikwa na kizunguzungu akiwa kazini. Wenzake walimdaka kabla hajaiangukia mashine. Kesho yake Kasuku akampeleka hospitali. Daktari alimpima, akakunja uso, akasema kwamba presha yake iko juu sana. Alieleza kwamba anatakiwa kunywa dawa kila siku bila kuacha, apunguze chumvi, atoke kwenye lile joto. Asipofanya hivyo, alisema, anaweza kupooza upande mmoja wa mwili.

Mama akamgeukia mwanawe. "Anasemaje?"

Kasuku alimtazama usoni. Macho ya mama yalikuwa na wasiwasi, mikono imeshika mkoba kwa nguvu. Neno lile la kupooza akaliruka.

"Anasema umechoka, mama," akajibu. "Unywe vidonge hivi, upumzike."

Mama akashusha pumzi, akacheka kidogo, akasema hilo hata yeye alilijua bila kupimwa. Vidonge vilipokwisha hakurudi kuchukua vingine. Kwa nini arudi, wakati aliambiwa ni uchovu tu?

Tangu siku hiyo Kasuku hakuwa na raha. Kila mama alipochelewa kurudi, alitoka kumngoja njiani. Mwisho akaona hawezi tena kulibeba peke yake. Akaingia katika ile ofisi ndogo, akafunga mlango, akamweleza Dada Mkubwa kila kitu huku akilia.

Dada Mkubwa alimkumbatia. "Hili litabaki kati yangu na wewe," alisema. "Siku mbili hizi nitakuja kwenu, tumweleze mama pamoja. Usiogope."

Kasuku alishuka ngazi akiwa mwepesi. Alisubiri siku ya kwanza na ya pili, kisha wiki. Kila alipomkumbusha, Dada Mkubwa alimshika bega na kusema kwamba anamaliza maandalizi ya wageni kwanza. Wageni wenyewe walikuwa watu wakubwa wenye uwezo wa kukisaidia kituo kipate jengo pana zaidi, nao walitaka kuona kazi inayofanyika. Akina mama wote walialikwa.

Siku ilipofika, chumba kilifurika. Wageni waliketi mbele, wasichana nyuma yao, na akina mama wakabanana ukutani. Mama yake Kasuku alikuja moja kwa moja kutoka kazini, bado amevaa sare.

Dada Mkubwa alipanda kwenye jukwaa la mbao. Alizungumza vizuri kama kawaida yake, kisha akashusha sauti, akasema anataka kuwasimulia habari za msichana mmoja. Mama wa msichana huyo, alisema, ni mtu asiyejua chochote, tena aliikataa hospitali. Daktari alipomwambia mtoto kwamba mama yake atapooza, mtoto aliogopa akadanganya. Lakini alipokuja kituoni, wao viongozi walimchukua yule mama siku hiyohiyo wakampeleka kutibiwa, na leo ni mzima.

Kasuku alijua ni yeye anayesimuliwa. Alitamani jambo hilo liwe la mtu mwingine. Ndipo Dada Mkubwa akamnyooshea mkono na kusema, "Simama, mwanangu, wakuone."

Kasuku alisimama. Watu wakapiga makofi. Mgeni mmoja akafuta machozi. Kasuku aligeuka kumtafuta mama yake, akamwona ameganda ukutani, macho yamemtoka. Halafu mama akapenya katikati ya watu, akatoka nje.

Kasuku alimkuta amekaa kwenye ngazi. Mama hakuzungumza lugha yao ya nyumbani. Alizungumza lugha ya wenyeji, polepole, akilipima kila neno.

"Mtoto alidanganya. Hilo nimeelewa," alisema. "Kupooza ni nini?"

Kasuku alimweleza, safari hii yote, kama daktari alivyosema. Mama alisikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Kisha akarudi kwenye lugha yao.

"Yule mwanamke ameniaibisha mbele za watu," alisema. "Lakini wewe umenificha habari za mwili wangu mwenyewe. Nilikuwa naazima masikio yako, mwanangu. Nisikie kwa nani sasa?"

Walirudi nyumbani. Kasuku aliumia mara mbili. Aliumia kwa alilomfanyia mama, na aliumia kwa alilofanyiwa na mtu aliyemwamini kuliko wote nje ya nyumba yao. Dada Mkubwa hakuimwaga siri tu. Alikuwa ameigeuza kuwa uongo, akajivika sifa ya kazi ambayo hakuifanya.

Asubuhi mama alikwenda hospitali, na safari hii alimwomba Mwalimu amfasirie. Presha ilikuwa imepanda zaidi. Alianzishiwa dawa upya, na baadaye msimamizi wake pale hotelini akakubali kumtoa chumba cha pasi na kumweka kwenye kukunja taulo. Siku hiyo walipotoka hospitali, Kasuku alikuwa anawangoja nje, na Mwalimu akawaomba radhi. Alisema hakujua lolote kuhusu hotuba ile mpaka alipoisikia. Kisha akamuuliza Kasuku jambo ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza: yeye mwenyewe anataka nini kifanyike.

"Nataka Dada Mkubwa aje nyumbani," Kasuku alisema. "Asinizungumzie jukwaani. Azungumze na mama."

Dada Mkubwa alikuja jioni moja, ameongozana na Mwalimu. Kwao kulikuwa na chumba kimoja, kwa hiyo wote waliketi kitandani na kwenye viti viwili. Mwanzoni alijitetea. Alisema wageni hawaguswi na maneno makavu, kwamba alifanya vile kwa faida ya wasichana wote, na kwamba hata yeye alipoletwa nchi hii, walimsimamisha mbele za watu hivyohivyo, mdogo kuliko Kasuku, akalia na watu wakapiga makofi.

Mama alimsikiliza, akatafuta maneno katika lugha ambayo bado ilimpa shida.

"Basi ulijua inavyouma," alisema.

Dada Mkubwa aliinamisha macho, yeye aliyewafundisha wengine wasiyainamishe. Kisha akamgeukia Kasuku.

"Nilikuahidi nitakuja, sikuja," alisema. "Kisha nikasema nimekuja. Nisamehe."

Mwalimu alimwambia wazi kwamba kuwaomba radhi watu wawili chumbani hakutoshi. Uongo ulisemwa mbele ya kadamnasi, na huko ndiko ulipaswa kurekebishwa. Wiki hiyohiyo Dada Mkubwa aliwaita tena akina mama, wasichana na wale wageni, akakiri kwamba alisimulia jambo lisilo lake, tena kwa uongo. Baadhi ya wageni waliondoka wala hawakurudi. Jengo jipya halikupatikana. Kituo kilibaki juu ya duka la rangi, lakini tangu hapo habari za msichana hazikusimuliwa bila yeye mwenyewe kukubali, na Mwalimu akapanga watu wazima wa kuwafasiria akina mama hospitalini.

Kasuku alirudi kituoni baada ya muda. Alimwamkia Dada Mkubwa kwa heshima, akasaidia kazi kama zamani, lakini hakuingia tena katika ile ofisi ndogo kumweleza ya moyoni. Dada Mkubwa aliliona hilo, wala hakumlazimisha.

Jumapili moja, mama akiwa ametoka kumeza kidonge chake cha siku hiyo, Kasuku alimuuliza kama bado ana hasira naye. Mama alimvuta karibu.

"Hasira imekwisha," alisema. "Lakini shika hili. Ukificha ukweli ili mtu asiumie, unamnyima nafasi ya kujiokoa. Na ukiusema ukweli wa mtu bila ruhusa yake, unamnyang'anya kilicho chake. Neno langu likipita kwako, nifikishie lote. Likiniuma, acha liniume. Ni langu."