Mkono wa Pole

Nóirín Hartigan aliitambua sauti ile kabla hajageuka. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, katika Soko la Maziwa la Limerick, naye alisimama kwenye foleni ya supu ya samaki huku vikapu vya watu vikimsukuma mbavuni. Mvua ilipiga turubai juu ya vibanda. Harufu ya jibini ilipigana na harufu ya kahawa. Nyuma yake mwanamume alimwambia muuza mikate, "Nipe ule mkubwa. Ule ulioungua kidogo."

Kazi ya Nóirín ilikuwa kupima masikio ya watu, na sauti hakuwa mtu wa kuisahau. Hii aliisikia kila Jumanne jioni tangu Septemba, ikitoka kwenye kidirisha cheusi cha kompyuta kilichoandikwa Cathal. Walikuwa watu saba na hawakuwa na mwalimu. Walikuwa na kitabu kimoja cha Kiairishi, lugha ya mababu zao, chenye jalada la kijani, na kila wiki walikutana mtandaoni kusoma sura moja. Wote walifundishwa lugha hiyo utotoni, tangu darasa la kwanza hadi mwisho wa shule, wakatoka na sentensi moja tu ya uhakika: ile ya kuomba ruhusa kwenda chooni. Sasa walikuwa watu wazima, na walitaka kilicho chao.

Ndani ya kitabu waliishi mke na mume, Eibhlín na Tomás, ambao walikuwa wakipaka jiko lao rangi tangu sura ya pili. Nóirín alisoma maneno ya Eibhlín. Cathal alisoma ya Tomás.

Aligeuka. "Rangi imekauka, Tomás?" aliuliza kwa Kiairishi.

Mbele yake alisimama mtu mrefu mwenye ndevu nyekundu zilizofika kifuani. Alivaa ovaroli ya buluu yenye madoa ya grisi, na mkate aliubana kwapani. Alimkodolea macho, akatazama koti lake la sufu la manjano, kisha akacheka hadi muuza mikate akainua kichwa.

"Eibhlín! Mke wangu! Na mimi nilidhani una miaka sitini!"

"Na mimi nilidhani huna uso. Kamera yako inaumwa nini?"

"Nasoma nikiwa kwenye gari la kazi. Mimi fundi wa lifti. Watu wakikwama hawangoji sura iishe."

"Kumbe ndiyo maana siku ile ulinikimbia katikati ya sentensi."

"Kulikuwa na padri na mbwa wawili ndani ya lifti moja. Ungeniambia nibaki?"

"Ningekwambia uwaokoe mbwa kwanza."

Walikunywa supu wakiwa wamesimama. Cathal Sheedy alimmegea mkate wake ulioungua, na Nóirín, ambaye hakupenda mkate ulioungua, aliula wote.

Baada ya hapo mambo hayakuchukua muda. Walitembea kando ya mto Shannon mvua ikinyesha, na wakatembea tena mvua ikiwa imekatika. Cathal alimpigia simu kutoka juu ya majengo ili amweleze mji unavyoonekana. Siku za Jumanne walisoma maneno ya kitabu kwa namna iliyowafanya wenzao wakohoe. Dympna Mulqueen, mzee wa kundi, ambaye alisambaza barua katika mji wa Ennis hadi alipostaafu, hakuvumilia.

"Nyinyi wawili," alisema, "Eibhlín na Tomás wanazungumzia brashi. Brashi haihitaji kuhemewa hivyo. Someni kilichoandikwa."

Mwezi wa Mei Cathal alipiga simu, na safari hii hakuwa na utani.

"Kampuni inanitaka Sydney. Miaka mitatu. Majengo ya huko ni marefu, lifti haziishi."

"Unataka kwenda?"

"Nataka kuombwa nibaki."

"Na nani?"

"Usinichezee, mpenzi. Na wewe, nani mwingine?"

Nóirín alitabasamu peke yake jikoni. Jibu alikuwa nalo tayari. Lakini maneno makubwa hakupenda kuyasema kwenye simu. "Njoo Jumapili tule. Nitakujibu mbele ya baba, asije akasema hakuambiwa."

Baba yake, Batt, hakuwahi kumwona Cathal. Wala hakupata nafasi hiyo. Siku ya Ijumaa asubuhi alifariki akiwa kitini, redio ikiendelea kutangaza bei za ng'ombe.

Ganzi ilimwingia Nóirín siku hiyo, wala hakuiona ikiingia. Hakulia. Alichagua jeneza kama mtu anayechagua friji. Ujumbe wa Cathal ulikuja: "Pole, mpenzi. Nipo." Aliusoma, akaizima simu, akampa shangazi yake Concepta aitunze.

Jumapili alasiri alisimama kando ya jeneza, amevaa gauni jeusi alilokopeshwa, na watu wakaanza kupita. Foleni yao ilifika nje hadi barabarani, kama ilivyo desturi, majirani na majirani wa majirani. Kila mmoja alimshika mkono kila mfiwa, akasema pole kwa msiba, akasogea. Nóirín alijibu, "Asante kwa kuja." Ilikuwa mikono migumu, mikono ya baridi, mikono iliyolowa mvua. Baada ya muda nyuso zilifutika, ikabaki mikono tu. Nóirín alimkumbuka Dympna tu, kwa sababu alimkanyaga mguu. Cathal hakukumbuka kumwona popote.

Mjini Limerick mwanamume husamehewa ulevi, na wapo waliosamehewa makubwa zaidi. Kukosa kumzika baba wa mpenzi wako hakusamehewi. Nóirín alijua kwamba alipaswa kukasirika. Aliitafuta hasira kama mtu anavyougusa mdomo wake baada ya sindano ya daktari wa meno. Aliugusa, na haukuwa wake. Cathal hakupiga simu. Naye hakupiga.

Alirudi kundini wiki ya nne. Dympna aliwapa mazungumzo yao ya kawaida. Cathal alisoma kama anayesoma maelekezo kwenye chupa ya dawa. Mwishoni mmoja wa wenzao aliuliza habari za Sydney.

"Nimekubali kwa mdomo," kidirisha cheusi kilijibu. "Natia sahihi Jumatatu."

"Hongera," alisema Nóirín, kwa Kiairishi sanifu.

Hakuwa amefunga kompyuta vizuri simu ilipolia.

"Mwanangu, una roho ya aina gani?" Ilikuwa Dympna.

"Habari za jioni, Dympna."

"Habari nitakupa mimi. Mwanaume anakwenda mwisho wa dunia, wewe unampa hongera?"

"Hakuja kumzika baba."

Saa ya ukutani ya Dympna ilisikika ikigonga huko Ennis.

"Nani hakuja?"

"Cathal."

"Nóirín. Kutoka Ennis hadi Limerick mimi nilikuja na nini? Nilipanda ungo?"

"Sijui ulikuja na nini. Najua ulikuja kwa sababu ulinikanyaga."

"Nilikukanyaga kwa sababu yeye alinisukuma! Alikuwa nyuma yangu, ana haraka ya kukufikia. Njia nzima kwenye gari lake anakariri maneno ya mkono wa pole kwa Kiairishi, yale ya sura ya kumi na moja, mimi namsahihisha mpaka koo limekauka. Amenyoa ndevu zote, anafanana na yai. Suti ya kaka yake, mikono haifiki viganjani. Akakushika mkono, akasema yote, hakukosea hata neno. Nilitaka kumpigia makofi mbele ya maiti. Wewe ukamwambia kwa Kiingereza, 'Asante kwa kuja,' ukampa mkono mtu aliyefuata."

Nóirín aliketi kwenye ngazi.

"Sikumwona."

"Ulimtazama usoni, mwanangu."

"Sikumwona mtu yeyote, Dympna."

Dympna alivuta pumzi. Aliposema tena, sauti ilikuwa imeshuka. "Basi unaniambia mimi ya nini? Mpigie mwenyewe."

Alimpigia. Simu iliita sana kabla Cathal hajapokea, na nyuma yake kulikuwa na mlio wa mashine.

"Ulikuja," alisema Nóirín.

"Nilikuja."

"Sikujua. Nimejua sasa hivi. Nilikuwa natazama bila kuona. Kwa nini hukuniuliza?"

Mashine ilizimwa. "Uliniahidi jibu mbele ya baba yako," Cathal alisema polepole. "Nikafika mbele yake. Nikashika mkono wako. Ukanijibu kama mgeni. Nilidhani hilo ndilo jibu."

"Halikuwa jibu. Halikuwa chochote."

"Na sasa? Unahisi nini?"

Angeweza kusema uongo mtamu. Hakuwa na nguvu za kuutunga. "Sihisi kitu, Cathal. Nakumbuka kwamba nakupenda, kama mtu anavyokumbuka namba ya nyumba yake. Najua ni kweli. Lakini ndani hakuna taa."

"Hilo si neno la kumzuia mtu asiende Sydney."

"Najua. Jumapili ni misa ya kumkumbuka baba, anatimiza mwezi. Njoo."

"Nitakuja. Nitakaa nyuma."

"Kaa mbele."

"Benchi la mbele ni la familia."

"Ndiyo."

"Nóirín, shangazi zako watakuwa pale. Nikikaa benchi lile, wanawake wa parokia watakuwa wamenunua kofia za harusi kabla ya komunyo."

"Kanisa letu nalijua."

"Na nikikaa pale sitii sahihi Jumatatu. Unaelewa? Sikai kwenye benchi la watu halafu nikapanda ndege."

"Ndicho ninachokuomba. Nakuomba ubaki. Ningekuomba vizuri zaidi kama ningekuwa mzima."

Cathal alisema tu kwamba kuna mtu amekwama ghorofa ya nne, akakata simu.

Jumapili mvua ilikuwa ya kuchapa. Nóirín aliketi benchi la mbele, amevaa koti la kijivu, na kando yake aliacha nafasi. Shangazi Concepta, mwenye kofia ya manyoya ya ndege, aliitazama nafasi hiyo kama mtu anayeona jino lililong'oka.

"Hapa ni pa nani?"

"Pa mtu."

"Mtu gani?"

Kengele ililia. Padri alitoka. Walisimama, wakaimba, wakaketi, na nafasi ilibaki tupu. Nóirín aliisubiri hofu ije. Nayo haikuja. Alitazama mshumaa wa baba yake ukiwaka sawasawa na mishumaa mingine.

Kisha viatu vikasikika kwenye njia ya katikati, vizito, vya mtu asiyezoea viatu vya suti. Kanisa zima liligeuka. Vilipita mabenchi ya nyuma. Vilipita mabenchi ya majirani. Cathal alisimama mwisho wa benchi la mbele, mikono ya suti imeishia juu ya vifundo vya mikono, kidevu cheupe chini ya mashavu yaliyochomwa na jua. Safari hii Nóirín aliuona uso. Alisogeza mkoba wake.

Cathal aliketi. Shangazi Concepta aliinama mbele na kumkagua tangu viatu hadi nywele.

"Wewe ni nani?" alinong'ona, kwa mnong'ono uliosikika hadi kwenye kwaya.

"Cathal Sheedy, shangazi. Fundi wa lifti."

"Lifti ya ukumbi wa mchezo wa bingo imekufa tangu Pasaka. Tunapanda ngazi kama mbuzi."

"Nitakuja kuiangalia kesho."

"Kesho Jumatatu?"

"Kesho Jumatatu. Asubuhi."

Concepta alitafakari. Kisha alijisogeza, akawaachia nafasi zaidi.

Padri alilitaja jina la Batt Hartigan. Nóirín hakulia. Lakini aligundua kwamba miguu yake ilikuwa baridi, baridi kabisa, hadi vidole vikauma. Viatu vilikuwa vimelowa tangu nyumbani, na hadi dakika hiyo hakuwa amehisi.