Kamba Mpya za Kiti cha Baba

Siku baba alipofariki, alikuwa amesuka nusu ya kiti cha mteja. Asubuhi alikunywa chai, akamtania mama kwamba ameificha sukari, kisha akaenda karakanani. Mchana jirani alimkuta ameinamisha kichwa juu ya kazi yake, kama mtu anayesinzia. Kamba ilikuwa bado mkononi.

Baba alikuwa fundi viti. Pia alikuwa mwenyekiti wa tawi la chama mtaani kwetu. Chama chake ni cha wahafidhina, yaani watu wanaotaka kulinda mambo mema waliyorithi: familia, ujirani, sheria na utulivu. Hawapendi mabadiliko ya ghafla. Wapinzani waliwaita "wa polepole". Baba alicheka tu.

"Polepole ndiyo," alisema, "lakini kiti changu hakijamwangusha mtu."

Kila Jumapili alasiri wanachama walikutana karakanani. Mimi nilipeleka chai, kisha nikasimama mlangoni kusikiliza. Sikuwa na ruhusa ya kukaa. Kanuni ya tawi ilisema mwanachama awe na nyumba yake mtaani. Mimi nilikuwa mpangaji wa chumba kimoja, nyuma ya kiwanda cha mikate ninakofanya kazi.

Baada ya mazishi, baba mdogo alishika uongozi. Lakini hakukikalia kiti cha baba. Alikiacha mbele, kitupu, akakaa kando yake kwenye stuli. Kila lilipoletwa swali, alikigeukia na kuuliza, "Kaka angesemaje?" Basi jambo liliachwa kama lilivyo.

Nami nilikipenda kile kiti kitupu. Nikikitazama kutoka mlangoni, nilimwona baba akigonga goti lake kwa kidole, kama alivyofanya kila alipotaka kusema.

Wazee walizidi kupungua. Mmoja alihamia kwa bintiye. Mwingine hakuweza tena kutoka kitandani. Ndipo akaja mjumbe kutoka makao makuu ya chama. Alisema tawi lisipopata wanachama wapya kabla ya uchaguzi, litafungwa. Usiku huo sikupata usingizi. Sikuwa na mahali pengine pa kwenda kumtazama baba.

Jumapili iliyofuata, karakana ilikuwa na watu wachache tu. Mama alikuwapo. Alikuwapo dereva wa lori, mtu wa sauti kubwa. Alikuwapo pia Bibi Karani, jirani yetu aliyestaafu kazi ya ukarani katika halmashauri.

"Vijana wa leo hawana msimamo," baba mdogo alisema. "Wanataka kelele."

"Basi tuwape kelele," dereva alisema. "Wageni wamejaa mtaani. Tuwalaumu wao. Utaona watu watakavyofurika hapa."

"Watafurika leo," Bibi Karani alisema. "Kesho watataka mwingine wa kumlaumu. Watakugeukia wewe na hilo lori lako linaloziba njia."

Watu walicheka. Dereva naye alicheka, shingo upande.

"Hata hao wageni wana watoto," Bibi Karani aliendelea. "Wanataka mtaa mtulivu kama sisi. Na mnasema mnatafuta vijana. Mmoja yule pale mlangoni, ameshika birika."

Wote waligeuka kunitazama.

"Huyo ni mpangaji," baba mdogo alisema kwa upole. "Si kwa ubaya, mwanangu. Kanuni ni kanuni."

"Iliwekwa kwa nini?" Bibi Karani alimuuliza.

"Tupate watu waliotulia. Mwenye nyumba hahami ovyo."

"Zamani ilikuwa sawa," Bibi Karani alisema. "Kijana alifanya kazi, akajenga. Sasa anafanya kazi hiyo hiyo na hapati hata kiwanja. Lakini huyu binti anajua bomba lipi linavuja na mtoto wa nani anaumwa. Wewe mwenye nyumba, mwezi uliopita ulikuwa wapi?"

"Shamba," baba mdogo alijibu, akikuna kichwa.

"Haya. Mtu hulinda alicho nacho. Ukimfungia nje, unataka alinde nini? Tukitaka chama hiki kiwe na kesho, tuwapiganie vijana wapate makazi, kazi ya kudumu, na nafasi ya kulea familia. Si ndiyo mambo tunayosema tunayapenda?"

Baba mdogo alikigeukia kiti. "Kaka angesemaje?"

Mama aliinuka. Tangu mazishi hakuwa amesema neno katika kikao.

"Shemeji, zishike hizo kamba," alisema. "Alizisuka upya mwaka jana. Kabla ya hapo alishazibadilisha mara nyingi. Mbao ni zile zile za baba yenu. Lakini kamba zikilegea, hakusubiri mtu aanguke."

"Hakuniambia."

"Hukumuuliza. Unamuuliza sasa, wakati hawezi kujibu."

Baba mdogo alizipapasa zile kamba kwa muda mrefu. Kisha aliwaomba wanachama wapige kura. Walikubali kwamba yeyote aliyeishi mtaani mwaka mzima, mpangaji au mwenye nyumba, aweza kujiunga. Dereva hakunyoosha mkono.

"Mimi sijashawishika," alisema.

"Ni haki yako," Bibi Karani alimjibu. "Jumapili ijayo njoo utushawishi sisi."

Baba mdogo alikikalia kile kiti. Kililia kidogo. "Weka birika chini, mwanangu," aliniambia. "Kaa."

Nilikaa. Nilimtazama, nikatamani awe baba. Hakuwa baba. Lakini alikuwa akigonga goti lake kwa kidole.

Tawi halikufungwa. Waoka mikate wenzangu walijiunga, na familia mbili za wageni zilizokwisha kutimiza mwaka mtaani. Jambo la kwanza tuliloipelekea halmashauri ni ombi la viwanja vya bei nafuu kwa vijana. Bado tunangoja jibu.

Kile kiti cha mteja, mama alikimalizia mwenyewe. Mkutano siku hizi huanza jioni, zamu ya mchana kiwandani ikiisha. Chai hupikwa na aliyewahi kufika.