Mayai Ishirini na Sita ya Bibi Kijani

Duka la dawa lilifurika mchana ule. Foleni ilitoka kaunta hadi barazani, watu wakijipepea kwa karatasi za daktari. Mbele kabisa alisimama mwanamke mwenye gauni la kijani lililomkaa vizuri kiunoni, koti jeupe la maabara mkononi.

"Nataka unga wa kalsiamu," alimwambia muuzaji. "Ule mtupu, usiochanganywa na kitu."

"Wa mtoto au wa mtu mzima?"

"Wa kinyonga."

Foleni nzima iligeuka. Mama mmoja akamvuta mwanawe, kana kwamba kinyonga mwenyewe yumo mkobani. Nyuma ya yule mwanamke alikuwa fundi miwani, kijana nadhifu, shati limepigwa pasi likanyooka. Yeye hakucheka. Aliitazama shingo ya yule mwanamke, akatafuta neno la kusema, na la kwanza kumjia likawa uongo.

"Hata mimi nilifuga vinyonga utotoni."

"Usinitanie! Walikufa kwa sababu gani?"

"Uzee," alijibu fundi.

Ukweli ni kwamba yeye na wenzake walikuwa wakiwapiga mawe. Alimkumbuka mmoja aliyepondwa upande mmoja, jicho moja likiendelea kumtazama.

Basi wakapendana. Mwanamke huyo alitunza maabara ya shule ya sekondari, na vinyonga wake wawili, dume na jike aliyeitwa Bibi Kijani, walizaliwa humo humo nyumbani kwake. Hakuwahi kuokota hata mmoja porini. Kila mmoja alikuwa na kizimba chake cha wavu, chenye matawi na taa. Alipowapulizia maji majanini, fundi alisimama mlangoni akitikisa kichwa kama mtu aliyeyaona hayo mara mia.

"Mzoefu wangu," mwanamke alimwita, akimfinya shavu. Kila alipoitwa hivyo, fundi aliinamisha macho. Mwanamke akadhani ni haya ya mapenzi.

Mwezi wa nne mama yake mwanamke aliteleza bafuni, akavunjika mguu. Mwanamke alifunga begi haraka, akampa fundi ufunguo.

"Bibi Kijani ana mayai. Wiki hii atataga. Mgeni ningemwandikia karatasi nzima, lakini wewe unajua ya kufanya."

Hapo ndipo angesema ukweli. Mdomo ulifunguka kabisa.

"Nenda salama, laazizi," akasema.

Fundi aliwapa vinyonga chakula chao, nyenje waliokuwa ndooni, akawawekea maji kwenye bakuli safi. Siku ya pili aliona Bibi Kijani yuko peke yake, tumbo limejaa, akamwonea huruma. Akamchukua dume, akamtia kizimbani mwa Bibi Kijani wakae pamoja kama mume na mke.

Jioni simu ililia.

"Mzoefu, Bibi Kijani hajambo?"

"Hajambo. Hana upweke hata kidogo."

Mwanamke akacheka. "Kumbe unakaa naye mpaka jioni! Nitaona wivu mimi."

Siku ya tatu Bibi Kijani alishuka chini, akawa anakwaruza sakafu ya kizimba. Fundi alidhani anataka kutoroka. Akamrudisha tawini. Akashuka tena. Akamrudisha tena.

Siku ya nne, saa sita mchana, Bibi Kijani alikuwa mweusi kama mkaa, macho yamedidimia na kufumba. Dume alimnyemelea, naye akaachama mdomo bila nguvu. Bakuli la maji lilikuwa halijaguswa. Simu ikalia. Fundi aliitazama mpaka ikanyamaza. Ikalia tena. Akaifunika kwa mto, akaketi sakafuni na shati lake la pasi.

Asubuhi iliyofuata alipiga mwenyewe.

"Sijawahi kufuga kinyonga," alisema kabla ya salamu. "Hata siku moja. Bibi Kijani yuko hoi."

Sauti ikaja kavu, ya mtu wa kazi.

"Yuko na nani?"

"Na dume."

"Mtoe! Sasa hivi. Kinyonga hukaa peke yake. Anakunywa wapi?"

"Bakulini."

"Hanywi bakulini, wewe! Hulamba matone majanini. Mpulizie pole pole. Alikuwa anachimba chini?"

"Nilimrudisha juu."

"Alikuwa anatafuta pa kutagia. Chukua ndoo, tia mchanga wenye unyevu, mpaka ukiuchimba usibomoke. Mweke humo, funika kizimba kwa shuka, usimchungulie."

Alifanya yote, kwa mikono iliyozoea kukaza skrubu ndogo kuliko punje ya mtama. Bibi Kijani alichimba hadi alasiri, akataga mayai ishirini na sita, akayafukia. Siku ya pili yake akafa juu ya ule mchanga.

Mwanamke aliporudi alimzika chini ya dirisha, akayahifadhi mayai. Hakupaza sauti.

"Si kutojua kwako kulikomuua," alisema. "Mimi mwenyewe sikuzaliwa ninajua. Lakini simu yangu ililia, ukaiacha siku nzima. Niachie ufunguo."

Fundi akauacha mezani.

Baada ya hapo fundi alinunua daftari, akaenda maktaba kila Jumamosi. Nyuma ya duka lake akazalisha nyenje, akiwalisha karoti na majani mabichi. Kila Ijumaa aliacha mlangoni kwa mwanamke vikopo viwili vya nyenje, dume asikose chakula, akaondoka bila kugonga. Mtu akimtania dukani, "Fundi, leo lenzi au wadudu?" aliendelea kufuta lenzi yake.

Mwezi wa kumi na mbili simu yake ikaita.

"Mayai yanaanguliwa," alisema mwanamke. "Ishirini na mawili mpaka sasa, kila mtoto ana urefu wa kidole kidogo. Nyenje wako ni wakubwa mno kwao. Unajua cha kuwapa?"

"Nimesoma kwamba ni nzi wadogo wa matunda. Lakini sijawahi kulisha mtoto wa kinyonga. Nitahitaji unifundishe."

Sauti ya mwanamke ikalegea kidogo.

"Njoo. Na usivae lile shati la pasi."

Waliwalisha watoto hadi migongo ikauma. Ulimi mdogo ulichomoka, ukakosa, ukachomoka tena, ukapata. Fundi akaona afadhali aseme lililobaki.

"Wale wa utotoni hawakufa kwa uzee. Tuliwapiga mawe. Mimi nilikuwa na shabaha kuliko wote."

Mwanamke aliacha kulisha, akamtazama. Mtoto mmoja alipanda kidole cha fundi, akashika kwa vikucha vyake. Fundi hakuthubutu hata kupumua.

"Nina swali," alisema, masikio yakiwaka moto. "Utakubali nikuoe?"

"Sijui," mwanamke alijibu, akimwondoa yule mtoto taratibu. "Bado nina hasira." Akamrudisha kwenye jani lake, akafunga kizimba. "Lakini Ijumaa ukija, usiviache vikopo nje. Gonga mlango."