Saa Iliyomwona Mkimbiaji Mara Mbili

Siku hiyo soko la vipuri lilifurika watu. Kocha wa riadha, shati jeupe limenyooka kwa pasi, alisukumwa akamwaga kisahani cha skrubu za fundi mmoja. Akapiga magoti kuziokota. Alipoinua macho akamwona binti wa ovaroli ya bluu na kitambaa chekundu kichwani, ndiye fundi mwenyewe, anamcheka.

"Ukimaliza hizo, uniambie na wewe umeharibikiwa nini," fundi akasema.

Iliyoharibika ilikuwa saa ya uwanjani, ile ya kupima muda wa mbio. Mkimbiaji akikata mwali wa mwanga kwenye mstari wa mwisho, mpigo mmoja wa umeme hupita kwenye waya na kuisimamisha. Ila mpigo wenyewe ulipanda kivivu, kama mtu anayeamshwa alfajiri, saa ikawa haijui ishike wapi. Fundi akaahidi kuunda mpigo unaosimama wima kama ukuta.

Kazi ikachukua wiki tatu, na simu zikawa nyingi kuliko kazi. Kocha alianza kwa kuuliza habari za saa, akaishia kuuliza kama fundi amekula. Akamwita "daktari wangu". Wakapanga Jumapili kocha aje nyumbani kwa binti aonane na mama yake.

Jumamosi saa ikafungwa uwanjani. Msichana mmoja akakimbia, saa ikaandika wawili. Akarudia, ikaandika wawili tena. Wanariadha wakacheka, na kocha, kwa aibu, akasema mbele yao wote, "Fundi wangu kaniletea saa inayoona mizimu."

Fundi akachukua begi lake akaondoka. Mezani kwake ile saa haikukosea hata mara moja, kwa hiyo akaamini waya wa kocha ndio mbovu. Jumapili hakuna aliyekuja. Simu za kocha zilipoanza kuita, mama yake akamwambia asipokee, amwache huyo mwanamume ajifunze adabu. Mama alidhani anamlinda mtoto. Akina mama, hapo ndipo tunapoharibu: binti alikuwa hali chakula, na kocha alikuwa ameshaombwa akafundishe mji mwingine, jibu linatakiwa Ijumaa.

Alhamisi fundi akachoka kubishana na moyo. Akabeba kipimo chake chenye kioo kinachochora umeme, akaenda uwanjani bila kuaga. Akakipachika kwenye waya. Mpigo ukaja, wima, mzuri, na nyuma yake mwingine mdogo. Mezani alipimia waya wa shubiri moja. Huu ulikuwa wa mita mia. Mpigo mkali vile ulifika mwisho, ukakosa pa kutua, ukarudi na kuja tena kama mwangwi, na saa ikauhesabu kama mkimbiaji wa pili. Akaunga rezista moja ndogo, kipande cha kumeza umeme, mwisho wa waya. Kioo kikachora mpigo mmoja tu.

Kocha alikuwa amesimama nyuma yake, chaki mikononi.

"Kosa langu," fundi akasema. "Nilipimia mezani."

"La kwako linarekebishwa kwa rezista. Mimi nilikuaibisha mbele za watu. Nisamehe, daktari."

"Kimbia kwanza, tuone."

Akakimbia na viatu vyake vya ngozi, tai ya shingoni inapepea begani. Saa ikaandika mmoja. Akarudi anahema.

"Nimeitwa nikafundishe mji mwingine, lakini siendi," akasema. "Nataka kukuoa. Kama bado una hasira, usinijibu leo."

"Hasira imeisha. Nimekubali. Lakini siku nikikosea, uniite pembeni."

"Pembeni," kocha akasema, akamsogeza hapo hapo mbali na wanariadha waliokuwa wanachungulia.