Mnazi wa Sebuleni

Shoga yangu Nyamvula aliolewa Port Reitz na Musyoka, mwanamume ambaye mkewe wa kwanza, Philister, eti alitoroka, akaacha mnazi wa mapambo ndani ya chungu kikubwa cha udongo sebuleni. Eti! Mnazi uliponyauka, Musyoka alimcheka Nyamvula: “Si wewe ni mtoto wa minazi? Huo ukikauka, nakuvunja mkono wa pili pia.”

Basi Nyamvula, kwa mkono uliobaki mzima, akatia chumvi shinani, kama babake afanyavyo shambani Kaloleni. Magharibi stima ikapotea. Mle chunguni mtu akaguna, kama aliyetiwa chumvi kidondani.

Konde la Musyoka likampasua Nyamvula mdomo. “Philister! Nyamaza!” akafoka gizani.

Nyamvula alijaa damu kinywani, akainama kuitema.

“Abee, mume wangu,” udongo ukaitika.