Tyubu ya Pili

SAA NNE ASUBUHI

"Mlango wa nyuma utakuwa wazi dakika kumi na tano," Tajiri alisema. "Si kumi na sita."

Chumba kilikuwa nyuma ya gereji, kinanuka oili na soksi. Mezani palikuwa na ramani ya bohari ya dawa. Walikuwa watatu: Tajiri, mwenye mpango, Funguo, ambaye kufuli zote za mji zilimwamkia shikamoo, na Sukani, dereva, mdogo wake Funguo wa tumbo moja.

"Mzigo gani?" Funguo aliuliza.

"Katoni arobaini. Krimu ya asidi ya azelaiki. Asidi yenyewe imo hata kwenye ngano na shayiri. Inatibu chunusi, inatuliza nyuso zinazoiva wekundu. Maduka ya vipodozi yanaililia."

"Yaani tunaiba krimu ya chunusi!" Funguo akacheka. "Mama akisikia atatukana matusi yote anayoyajua."

Sukani hakucheka. Krimu hiyo aliijua. Miezi mitatu alijipaka asubuhi na jioni, wiki za mwanzo ikimwasha mpaka machozi. Alipewa na Mfamasia wa bohari hiyohiyo, yule binti ambaye leo angewaachia mlango. Alimtia tyubu mkononi bila neno. Ubavuni mwa tyubu aliandika kwa wino wa bluu: *Kidogo tu. Usikate tamaa.* Sukani, ambaye wasichana walizoea kumgeuzia shingo, alilala na maneno hayo chini ya mto. Chunusi zikaisha. Alikuwa anatafuta ujasiri wa kumwambia kwamba anampenda.

Funguo akavua jaketi ili avae koti la mtunza bohari. Mfukoni ikachungulia tyubu. Wino wa bluu.

Loo! Funguo, uso laini kama yai tangu azaliwe! Krimu ya nini?

"Jana jioni ulikuwa wapi, kaka?"

"Kwa Mfamasia." Funguo akamkonyeza. "Tumalize kazi kwanza, mdogo wangu. Nina habari yako."

Habari gani, kama si ya harusi? Wivu ukampanda Sukani. Viatu vipya, Funguo. Sifa za mama, Funguo. Na huyu naye, Funguo!

SAA SABA NA DAKIKA TANO MCHANA

Wafanyakazi walikwenda kula. Mlinzi alikuwa getini, kichwa kwenye sahani. Gari lilirudi kinyumenyume hadi mlangoni.

Utaratibu wao ulikuwa mmoja, miaka sita. Funguo akimaliza kupakia, anagonga bodi mara moja: washa injini. Akishapanda, anagonga tena: ondoka. Hawakuwahi kukosea.

Jaketi lilikuwa kitini, kati ya Sukani na Tajiri. Tyubu ilimtazama. Hakuigusa. Angeigusa angeipasua.

Ngo!

Sukani akawasha. Kwenye kioo cha pembeni akamwona Funguo akirudi kufunga mlango ili Mfamasia asishukiwe. Mfamasia alikuwa pale. Funguo akamnong'oneza. Mfamasia akacheka, akafunika uso kwa viganja, kama msichana anayetongozwa.

"Kapanda?" Tajiri aliuliza.

Sukani alitazama kioo tena.

"Kapanda."

Akakanyaga mafuta. Nyuma mtu alipiga kelele, kisha filimbi ya mlinzi ikalia.

SAA SABA NA NUSU

Tajiri alifungua gari ndani ya gereji. Katoni arobaini. Funguo hayupo.

"Si ulisema kapanda?"

Sukani alitazama katoni.

"Ndugu yako wa damu!" Tajiri akatema mate. "Kagua jaketi. Kama kuna kitambulisho, choma."

Hapakuwa na kitambulisho. Palikuwa na tyubu. Sukani aliigeuza, akasoma wino wa bluu.

*Mpe mdogo wako. Mwambie aache woga, aje mwenyewe.*

Tajiri alimwita. Alishatoka nje, anakimbia.

SAA NANE

Funguo alikuwa amekaa chini kwenye vumbi la geti, pingu mikononi, mdomo umepasuka. Mfamasia alisimama dirishani, analia.

"Dereva wao namjua," mlinzi alikuwa akimwambia askari. "Siku za nyuma aliwahi kuleta gari hapa. Kijana mwenye chunusi uso mzima."

Askari akamgeukia Sukani, aliyekuwa akihema mbele yao. Akamkagua shavu hili, akamkagua shavu lile. Safi.

"Wewe unatafuta nini hapa?"

Sukani alimtazama Funguo.

Askari akamgusa Funguo kwa kiatu, akimwonyesha Sukani. "Huyu unamjua?"

Funguo akainua macho. Aliiona tyubu mkononi mwa mdogo wake. Kisha akamtazama usoni, na Sukani akajua kwamba kaka yake ameelewa kwa nini gari liliondoka.

"Simjui," Funguo alisema. "Ningekuwa na ndugu, nisingekuwa nimekaa hapa."

"Haya, pita njia," askari alimwambia Sukani.

Sukani akapita.