Biblia Iliyofanana na Viatu

Mwaka ule wa 1998, Kabamba na binti yake Laetitia walikuwa wakikaa Saint-Gilles, mtaa mmoja wa Brussels, ghorofa ya tatu, katika nyumba ya zamani iliyokatwakatwa vyumba. Ulikuwa mwaka wao wa pili tangu wakimbie vita Bukavu. Kila asubuhi Laetitia alichemsha chai, na baba yake akawasha redio asikie habari za kwao. Habari zikiisha, Kabamba aliizima na kutazama dirishani.

"Saa hii, kule Bukavu, mvua imeisha kunyesha," alisema. "Udongo iko nanukia."

Kila asubuhi, mvua hiyo hiyo! Laetitia alimcheka, lakini na yeye aliisikia ile harufu. Jamani, waliipenda Bukavu watu hawa wawili. Waliongea juu ya ziwa, juu ya vilima, juu ya wamama wa soko la Kadutu wanavyoitana. Kule ndiko walikoacha kaburi la mama yake Laetitia. Wakifika hapo katika maongezi, mmoja wao aliinuka kuosha vikombe.

Laetitia alikuwa na miaka kumi na tisa. Nyumbani kwao hawakuwa watu wa kanisa. Lakini hapa Brussels rafiki mmoja alimkaribisha kwenye kanisa dogo, katika ukumbi wa kukodi karibu na kituo cha treni cha Gare du Midi. Siku ya kwanza alivutwa na nyimbo, kwa sababu ziliimbwa kwa Kiswahili cha kwao. Siku zilizofuata alirudi kwa ajili ya mafundisho. Sasa alitaka kubatizwa Pasaka.

Kabamba hakufurahi. Yeye alikuwa mwalimu, na utotoni alikuwa amesoma katika shule ya misheni.

"Mimi, walinichapa sababu ya maneno yenye sikuelewa," alisema. "Nilikariri kurasa na kurasa. Ulimi ilijua yote, kichwa haikujua kitu. Bon, sikukatazi. Siku hiyo nitakuja, nitakaa nyuma kabisa. Ukisema kitu chenye unaelewa, nitasikiliza mpaka mwisho. Ukiwa kasuku, nasimama, natoka. Na usiniongeleshe tena mambo ya kanisa."

"Sawa, papa."

"Umesikia vizuri?"

"Nimesikia, papa."

Kabamba akisema jambo, amelisema. Laetitia alimjua baba yake. Na moyoni alikuwa na hofu moja tu: baba akitoka ile siku, nyumba yao itakuwa na ukimya wa watu wawili wasioambiana yaliyo moyoni. Hawakuwa na mtu mwingine hapa ugenini.

Kanisa lile lilikuwa na desturi yake. Anayetaka kubatizwa alisimama mbele ya watu na Biblia yake mwenyewe. Alisoma fungu alilolichagua. Kisha alifunga kitabu na kusimulia, kwa maneno yake, alichosoma. Aliyeshindwa hakufukuzwa, la. Alingoja mwaka mwingine, aendelee kujifunza.

Basi Laetitia akaenda kununua Biblia. Hapa, ndugu msomaji, nikwambie ukweli kuhusu watu wetu wa Matonge, ule mtaa wa Waafrika kule Ixelles. Jumapili pale ni maonyesho! Utaona suti, utaona kofia, utaona viatu vya kujitazamia uso. Na Biblia nayo ni sehemu ya mavazi. Hubebwa kwapani, zipu yake ikimeta, kila mtu aione. Kuna baba mmoja aliyekuwa na Biblia tatu, kila moja na suti yake. Kama alizisoma, sijui mimi.

Laetitia alikuwa na viatu vipya, rangi ya damu ya mzee. Katika duka moja, kati ya vitenge na kaseti, akaiona Biblia ya ngozi, rangi hiyo hiyo, kingo za dhahabu, na zipu.

"Hiyo ni Kifaransa cha juu, mademoiselle," muuzaji alisema. "Ya watu wenye walisoma."

Laetitia akaiweka karibu na kiatu chake. Vilifanana kabisa. Akainunua pale pale, bila kusoma hata mstari mmoja.

Wiki mbili kabla ya Pasaka, mzee wa kanisa, Papa Onésime, aliwaita vijana wafanye mazoezi. Laetitia alikuwa amechagua zaburi moja. Rafiki yake alimwambia kwamba inahusu watu waliokuwa mbali na kwao. Alisimama, akafungua zipu, akasoma. Kifaransa kilitoka vizuri ajabu. Alikuwa amekisoma shuleni kwa bidii, na sauti yake ilikuwa nzuri. Watu wakapiga makofi.

"Vizuri sana," alisema Papa Onésime. "Sasa funga kitabu. Tuambie, kunatokea nini mule?"

Laetitia akafunga zipu. Akafungua kinywa. Akarudia sentensi ya kwanza kama ilivyoandikwa.

"Hapana, mama. Kwa maneno yako."

Akairudia tena. Kisha machozi yakaanza kumtoka. Kifaransa kile kilikuwa cha kale, cha mababu wa hao wazungu. Alijua kutamka kila neno, lakini habari yenyewe haikumwingia.

"Usilie," Papa Onésime alimwambia kwa upole. "Kuko wiki mbili. Na kama bado, kuko Pasaka ya mwaka kesho. Mungu hana haraka."

Mungu hana haraka, sawa. Lakini Kabamba je? Laetitia alirudi nyumbani akilia njia nzima.

Ghorofa ya chini alikaa Maman Lucienne, mjane wa Bukavu, aliyekuwa akihudumia wazee katika nyumba zao. Alikuwa mlangoni na ufagio.

"Eee! Laeti! Nani amekufa?"

"Hakuna, maman. Mimi ni kasuku."

Maman Lucienne akamvuta ndani, akamkalisha jikoni, akampa chai. Laetitia akaeleza yote. Maman Lucienne akaichukua ile Biblia, akaigeuzageuza, akatazama na viatu. Akacheka mpaka akashika tumbo.

"Yo! Mutoto huyu! Ulinunua Biblia, ao ulinunua sakoshi, mukoba wa kufanana na viatu?"

Laetitia naye akacheka na machozi yake.

"Sikiliza," alisema Maman Lucienne. "Mimi niliuzishaka maharagi ku Kadutu miaka kumi na mbili. Siku moja bakakuja watu bawili na karatasi. Balikuwa banatafsiri Biblia. Banasema, 'Maman, tunakusomea kipande. Tukimaliza, utatuambia umesikia nini.' Nikacheka! Mimi, muuzisha maharagi? Lakini nilisikiliza. Nikawaambia penye nilielewa. Na penye sikuelewa, nilisema, 'Hapa, sioni kitu.' Bakaandika! Bakarudia nyumbani, bakatengeneza, bakakuja tena. Mwezi baada ya mwezi. Alors, siku hizo, ah..." Akatazama ukuta. "Mama yangu alikuwa bado muzima. Alikuwa anakaa kando yangu, anamenya mbaazi, anasikiliza pia."

Kumbe na yeye alikuwa na mvua yake ya Bukavu.

"Kwa hiyo mtu anaweza kuibadili Biblia?" Laetitia aliuliza. Alishtuka. "Si ni dhambi?"

"Hapana. Biblia haikuandikwa na Kifaransa. Haikuandikwa na Kiswahili pia. Iliandikwa Kiebrania, Kigiriki, na kidogo Kiaramu. Zote zenye tunasoma ni tafsiri. Watafsiri bengine banafuata maneno ya zamani moja kwa moja. Hiyo ni muzuri kwa muntu anayechunguza sana. Bengine banatafuta maana, banaisema vile tunaongea leo. Hiyo ni muzuri kwa muntu anayeanza. Yote mbili ni kazi ya heshima. Lakini luga inazeeka, Laeti. Maneno yenye babu alisikia bila shida, mujukuu anauliza, 'Hii ni nini?'"

Akainuka. Akaleta Biblia tatu, akazipanga mezani karibu na ile ya ngozi. Moja ilikuwa ya Kifaransa chepesi. Moja ilikuwa ya Kiswahili cha zamani, kurasa zimelainika, ya marehemu mama yake. Ya tatu ilikuwa ya Kiswahili cha leo, jalada la karatasi, bila dhahabu, bila zipu.

"Mbele ya kusoma, angalia kurasa za kwanza," alisema. "Nani alitafsiri? Ni muntu mumoja peke yake, ao ni kikundi cha watu benye bamesoma luga zile za zamani, benye banasahihishana? Makanisa gani inaitumia? Chini ya kurasa, kuko maelezo? Muntu akiuza Biblia na hataki kusema ni nani ameitafsiri, mwachie."

Laetitia alifungua kurasa za kwanza. Hakuwa amewahi kuzitazama hata siku moja.

"Sasa soma zaburi ile ile katika kila moja. Kwa sauti. Kila mara funga, uniambie."

Laetitia akaanza na Kifaransa chepesi. Mara hii alielewa! Akafunga, akasimulia. Maman Lucienne akatikisa kichwa.

"Umeelewa, ndiyo. Lakini unaongea kama uko mbele ya maître d'école, mwalimu wa shule. Ukijigonga kidole cha mguu, unalia na luga gani?"

"Kiswahili."

"Ukiwa umekasirikia papa yako?"

"Kiswahili."

"Njo vile. Basi kwa nini Mungu unamuongelesha kama mugeni?"

Laetitia aliinamisha kichwa. Ukweli ni kwamba aliona Kiswahili ni cha jikoni na Kifaransa ni cha mambo makubwa. Hivyo ndivyo alivyofundishwa shuleni, na hivyo ndivyo sisi wengi tulivyofundishwa. Aliona aibu, kisha akajisikia mwepesi.

Akasoma Kiswahili cha zamani. Kilikuwa kitamu masikioni, lakini mara tatu alisimama kuuliza neno. Kisha akasoma ile ya jalada la karatasi. Akafunga kitabu. Maman Lucienne alingoja.

"Maman," Laetitia alisema polepole. "Hawa watu ni sisi."

Kwa wiki mbili Laetitia alishuka kila jioni kwenye jiko lile. Hakukariri. Alisoma, akafunga, akasimulia. Penye ugumu alifungua ile ya zamani, akalinganisha, akasoma maelezo ya chini. Ile ya ngozi hakuitupa, maana ni Biblia nayo. Aliihifadhi kwa siku atakayokuwa na Kifaransa cha kuiweza. Papa Onésime naye aliulizwa kama kanisa linakubali tafsiri ile. "Tunaitumia," alisema. "Muntu asome luga ya moyo wake."

Pasaka ikafika. Kabamba alivaa koti lake la ualimu, akakaa kiti cha mwisho karibu na mlango. Alikunja mikono.

Laetitia akasimama na ile Biblia ya jalada la karatasi, aliyopewa na Maman Lucienne iwe yake. Alisoma sehemu ya mwanzo ya zaburi, polepole. Akafunga.

"Kulikuwa watu," alianza. "Vita ilikuja kwao. Wakachukuliwa, wakapelekwa inchi ya watu bengine. Kule kulikuwa mito mizuri. Wakakaa pembeni ya maji, lakini hawakuona ile maji. Waliona kwao, wakalia. Wenye inchi wakawaambia, 'Tuimbieni kidogo nyimbo za kwenu, tufurahi.' Wakasema, 'Tutaimba namna gani huku?' Wakatundika vyombo vyao vya muziki juu ya miti. Wakaapa hawatasahau kwao. Mimi naelewa kwamba Mungu hakuwakemea sababu ya kulia. Alikubali kilio chao kiandikwe ndani ya kitabu chake."

Mama mmoja alijifuta macho na kitenge.

Ndipo kiti cha nyuma kikalia. Kabamba alikuwa amesimama.

Anatoka, Laetitia alifikiri. Nimekosea wapi? Watu wote wakageuka. Kabamba alikuwa ameshika mgongo wa kiti cha mbele yake.

"Na baadaye?" aliuliza kwa sauti, pale pale katikati ya ibada. "Walirudia kwao?"



"Walirudia, papa," Laetitia alijibu. "Si bote. Ilichukua miaka mingi. Kuko kitabu kingine humu ndani kinaeleza."

"Aa," alisema Kabamba. Akakaa. Akabaki mpaka mwisho, mpaka binti yake alipobatizwa, mpaka viti vilipopangwa.

Tangu mwaka huo Papa Onésime hakumwacha kijana yeyote anunue Biblia kabla hajapita kwa Maman Lucienne. Vijana walikuja na daftari zao. Meza ya jikoni haikutosha, wengine wakakaa sakafuni na vikombe vya chai. Walisoma fungu moja katika tafsiri mbili tatu, wakafunga, wakasimulia, wakachekana. Wengine walichagua Kifaransa, wengine Kiswahili, mmoja alichagua Kilingala. Wengi wao sasa wana watoto wao, na bado huzungumza habari za jiko lile wanapokutana.

Lakini ngoja nimalizie siku ile ya Pasaka. Walipofika nyumbani, Kabamba hakuvua koti. Alikaa mezani, akanyoosha mkono.

"Nipe. Nionyeshe penye walirudia."

Laetitia akatafuta kitabu cha Ezra, akamwekea mbele. Kabamba akavaa miwani. Alisoma kimwalimu, kidole kikifuata mstari. Alisoma jinsi watu walivyorudi na kuanza kuijenga upya nyumba ya Mungu. Wengi walipiga kelele za furaha msingi ulipowekwa. Lakini wazee waliokuwa wameiona nyumba ile ya kwanza, wao walilia kwa sauti kubwa.

Kidole kikasimama hapo.

Alifunga kitabu, lakini mkono wake haukutoka juu yake. Machozi yakamtoka chini ya miwani. Laetitia hakuwahi kumwona baba yake akilia, hata siku ya mazishi ya mama kule Bukavu.

"Hii naelewa, Laeti," alisema Kabamba. "Hii naelewa yote."